Smati

Kamusi niliinunua Samora, juu ya turubai,
haina jalada, na mchwa walishamaliza A mpaka D.
Muuzaji alitaka elfu saba. Nikampa tano
na sura ya huruma.

Usiku Ilala umeme ukakatika.
Nikasoma kwa tochi ya simu,
hii tunayoiita simu janja
kana kwamba ni sungura wa hadithi na sisi ndio fisi.

Nilikuwa natafuta neno jingine kabisa.
Kidole kikakwama kwenye smati.

Nilidhani nalijua.
Smati ni shati lililonyooka, ni kijana wa benki,
ni bwana harusi kabla hajaletewa pilau,
ni mtoto wa Jumatatu, soksi zote mbili zimefanana.
Kamusi ikasema: hapo kale, kwao,
neno hili lilikuwa maumivu.
Liliwasha. Lilichoma.
Lilikuwa upupu, lilikuwa fimbo,
chumvi imekutana na kidonda.
Kisha likawa pigo lenye kuuma,
likawa ulimi wenye kuuma,
likawa akili inayochoma haraka kama sindano,
mpaka siku moja, sijui nani alilishawishi,
likavaa tai.

Sikushangaa sana. Na sisi tuna kali.
Kisu kikali, jua kali, mbwa mkali,
pilipili ya Mama Havijawa, ile anayosema "nimetia kidogo tu",
na juzi Mchikichini kijana kanishika mkono:
"Braza, cheki hii raba, kali!"
Lugha zote mbili zimepita mlango uleule,
zikirukaruka,
nyayo zimeungua.

Kilichoniinua kitini ni baba.

Baba yangu, Mwinshehe, dobi wa Bungoni,
miaka thelathini na mmoja na pasi ya mkaa.
Pale watu wanapovaa saa, yeye ana kovu,
jembamba mbele, pana nyuma,
pua ya pasi yenyewe.
Mimi ndiye niliyempepelea. Siku moja cheche iliruka
ikatoboa fulana yangu ya shule
na ngozi iliyokuwa nyuma ya fulana.
Baba akajaza maji mdomoni, akayapuliza,
kwenye shati la mteja, si kwangu,
akasema, "Geuza kola."

Wateja walitoka pale wamenyooka kama noti mpya.
Hakuna aliyeuliza.
Neno liligawanywa mlangoni petu:
wao wakaondoka na maana mpya,
sisi tukabaki na ile ya zamani,
tukaipaka dawa ya meno,
tukalala nayo.

Jumapili nikaibeba kamusi kwapani nikamwendea.
Kiingereza cha baba ni namba, na siku za wiki.
Nikamwambia: Baba, smati, maana yake ya kwanza ni kuungua.
Alikuwa anakata kucha za miguu. Hakuinua kichwa.
"Nani kakwambia?"
"Kamusi."
"Kaiandika dobi?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.
Akakata kucha moja zaidi, ile kubwa, taratibu,
kisha, kama mtu aliyekuta sarafu
katika mfuko wa suruali isiyo yake:

"Kaijage. Yule karani wa reli, mwenye suti ya kijivu.
Kila Ijumaa, 'Mwinshehe, nataka kesho niwe smati!'
Nami namtoa smati.
Akahamishiwa Tabora.
Mashati manne, na suti. Mpaka leo hajanilipa."

Nikatupa jicho kwenye ukurasa.
Maana ya tano: mjanja.

Nikaifunga. Sikumsomea.