Viazi vya Reijo

Mashine namba tatu ilizimwa Jumanne, saa nane mchana,
na mji wetu ukasikia ukimya.
Hata ule uvundo wa mbao zilizochemshwa
tuliokuwa tukiulaani,
sasa tunautafuta puani.

Kaka yangu Reijo, mwenye lori la magogo,
kaja na gunia la viazi na hoja yake:
"Bima ya wasio na kazi hulea uvivu.
Nchi isimlipe mtu kwa kukaa."
Namjua Pentti wa ghalani; hoja ina mguu mmoja.

Namjibu huku namenya:
nyumba hii ina bima ya moto,
mwaka wa kumi na tisa huu,
na sijaitia kiberiti ili nilipwe.
Miaka ishirini na sita walinikata mshahara kidogo kidogo,
nikanung'unika kila mwezi,
sikujua nanunua nini.

Nilinunua hii: fomu inayouliza
kama wiki hii nimetafuta kazi.
Nimetafuta. Kilomita tisini kwa basi, theluji ikianguka,
kijana mwenye hereni akaniuliza
najiona wapi baada ya miaka mitano.
Nina hamsini na nane.

Viazi vyako vitamu, Reijo. Ahsante.
Ila kila kiazi kina macho,
na nikila hunitazama.
Bima haijui hata jina la mama yetu.
Huingia benki tarehe kumi na tano, kimya,
nami nikalipa umeme bila kuinamisha shingo.

Reijo hajibu.
Anachukua kisu cha pili,
anavuta kiti.