Tanbihi ya Sura ya Nne

Msimamizi wangu, Daktari Otiende, ana kalamu nyekundu
na subira fupi. Pembezoni mwa ukurasa wa sitini na moja
ameandika: "Deni bila mdai ni nini? Fafanua."

Nimefafanua wiki tatu, maktabani Maseno,
taa zikizimika kila mvua inapopanda kutoka ziwani.
Nimeandika nafsi, nikafuta.
Nimeandika kumbukumbu, nikaitia alama ya kuuliza
kama mtu anayefunga kufuli na kupoteza ufunguo.
Dawa ya deni kulipa, sawa.
Lakini kati yetu wawili mgonjwa ni mimi peke yangu;
yeye amepona kwa kusahau.

Yeye ni nyanya yangu, Kageha, wa Kaimosi.
Mwaka ule aliuza mtamba wake mwekundu
ili nisomee shahada ya kwanza.
"Ni mkopo," alisema. "Si zawadi. Zawadi huharibu watoto."
Nikataka kuapa, akanikataza:
sisi Marafiki hatuapi, ndiyo yako iwe ndiyo.
Nikasema ndiyo.

Sasa hajui mtamba yupi. Hajui shahada.
Hanijui.

Alhamisi nilimpelekea bahasha,
elfu thelathini na tano, noti nimezinyoosha kwa kiganja.
Nilimkuta akichambua mrenda,
vidole vikilijua kila jani na kila shina
bila kumuuliza yeye.
Nikasema: nimeleta deni lako.

Alipokea. Akahesabu, maana hesabu haijamtoka.
Kisha akanyamaza, kimya kile cha ibada yao ya zamani,
watu wamekaa tu, wanangoja wasemeshwe.
Nami nikangoja, mimi niliyeandika kurasa arobaini
kuuliza kama kuna anayesema.
Kuku aliingia, akadonoa, akatoka.

Akanitazama viatu.

"Binti wa watu," akasema, "shule inafunguliwa lini?"
Jumatatu, nikamjibu.
Akanirudishia bahasha kwa mikono miwili.
"Ni mkopo. Si zawadi."

Nilipofika chumbani niliandika tanbihi moja, fupi:
*Mdai yupo. Hanijui, na ananidai.
Mara mbili sasa.*

Leo asubuhi Daktari ameirudisha.
Wino uleule, neno moja: "Chanzo?"

Nimejaza: Kaimosi, Alhamisi, yapata saa kumi.
Mrenda ulikuwa bado haujawekwa motoni.