Moja na Ushei

Miaka thelathini na moja, kiwandani Fabriano,
shangazi Ersilia aliinua karatasi kwenye mwanga wa dirisha
akaihukumu: hii ipite, hii irudi majini.
Tone lililodondoka vibaya,
unywele, kivuli cha kidole:
irudi majini.
Hakuwahi kuiomba radhi karatasi yoyote.

Sasa amestaafu, na meza ya jikoni ndiyo kiwanda:
rula ya chuma, wembe, gundi ya unga wa ngano,
na katikati, juu ya kitambaa cha kufutia vyombo,
konokono wa bahari aliyegeuka jiwe.
Baba yangu alimpasua kutoka mwambani, huko milimani Apenini,
kabla hawajagombania nyumba ya bibi,
ile iliyotiwa nyufa na tetemeko.
Baba alitaka iuzwe. Shangazi alitaka ijengwe.
Mwaka wa tisa huu hawapeani hata chumvi.

Kanuni ni nyepesi, anasema, hata mbuzi angeielewa:
anza na chumba cha milimita tatu.
Kinachofuata ni hicho hicho, mara moja na ushei,
na ushei wenyewe ni sehemu moja ya kumi.
Halafu tena.
Halafu tena.
Usihangaike kupinda, uwiano utapinda wenyewe.
Na kweli, ukanda ulionyooka kama mstari wa daftari
ukaanza kujizungushia tumbo mikononi mwetu.
Kila baada ya vyumba saba, kimo kilikaribia maradufu
lakini sura haikubadilika,
kama mtoto aliyezaliwa na paji la uso la babu yake.

Tukafika cha kumi na saba.
Hesabu ikasema: kumi na nne, kasoro kidogo.
Jiwe likasema: kumi na moja.

Akailaumu rula. Akailaumu miwani. Akanilaumu mimi,
eti natingisha meza kwa goti.
Kisha akalipeleka jiwe dirishani,
akaligeuza polepole kwenye mwanga wake wa zamani,
na hapo, ukutani mwa chumba, kovu.
Kitu chenye meno, enzi milima hii ikiwa bado tope la bahari,
kilimng'ata mwenye nyumba, naye hakufa.
Alijijengea chumba kidogo, chumba cha mgonjwa.
Halafu cha kumi na nane: kumi na mbili na ushei.
Ushei ule ule.
Hakukimbia ili kufidia. Hakusimama.

Nilingoja aseme: irudi majini.
Kidole chake kilikaa juu ya kovu
hata birika likachemka, likapiga kelele,
nikaliepua mimi.
Akavuta karatasi mpya. Akapima kumi na moja.
Akakata.

Tulipomaliza, chumba cha ishirini na tisa
kilikuwa na thelathini na nne na nusu.
Pasipo meno yale kingefika arobaini na tatu.
Konokono wetu wa karatasi ameinama upande mmoja,
kama mtu anayetegea sikio chumba cha pili.
Shangazi alimtazama, uso umemkunjamana,
huyu ambaye hujui kama moyo wake ni mkunjufu
mpaka ulale kwake usiku wa baridi
na kuamka umefunikwa blanketi ya pili.

Kisha akapiga simu.
"Nazzareno," akasema, bila salamu. "Cha kumi na saba."
Nikasikia pumzi ya baba, ile yenye vumbi la machimbo.
"Nilidhani ungekiona siku ile ile," akajibu.
"Mimi nilikiona kabla sijakufungia."

Shangazi akauzungushia kidole waya wa simu,
akauzungusha, ukabana, akauachia.
"Kwa mama," akauliza, "vimebaki vyumba vingapi vilivyosimama?"

Baba alichelewa. Alikuwa anahesabu.
"Vitatu," akasema.
"Vitatu na ushei."