Daftari la Kangagani

Kila Jumatatu, saa nne na robo,
Faki Mbwana hulipua jiwe Vitongoji.
Tundu la mita tatu, baruti kilo arubaini,
hazidishi, hapunguzi: mkono wake ni mizani.
Nami huku Kangagani, stoo ya nyuma ya skuli,
kati ya madawati mabovu na magunia ya chaki,
nimekaa na mtambo uliogandishwa sakafuni kwa saruji,
unaosikiliza ardhi kama mkunga asikilizavyo tumbo.

Mstari unaruka kwenye kioo. Naupima kimo, naandika.
Simu inalia.
"Wan'sikia?"
"Nimekusikia. Milimita hamsini na mbili."
"Alhamdulillahi." Anakata. Salio lake halina mchezo.

Miaka miwili: hamsini na mbili, hamsini na moja, hamsini na mbili.
Daftari lilianza kunichosha.

Kisha usiku ule wa Mfungo Nane,
chini ya Ole, jiwe lilijitenga na jiwe mwenziwe.
Sahani zililia kabatini, kisima cha Bi Chumu kikageuka tui.
Hakufa mtu. Asubuhi watu walicheka, wakakoroga chai.

Jumatatu mstari uliamka kidogo, ukalala.
Kumi na tisa.
"Wan'sikia?"
"Kwa mbali. Umepunguza baruti?"
"Nipunguze mimi?" Siku ile hakusema alhamdulillahi.

Hakupunguza. Ni njia iliyovunjika.
Pale katikati sasa kuna chenga na unga,
nyufa elfu zilizonywa maji,
na kila chembe humsugua jirani yake
ikajikatia fungu lake la mtikisiko, kama ushuru wa njiani.
Sauti nyembamba ndiyo hufa mwanzo.
Nene hupita, lakini hupita ikikohoa.
Bi Chumu nilipomweleza, alichukua chungu chake cha ufa,
akakigonga kwa kifundo cha kidole: bwe.
"Ndiyo hicho," akasema, "umesoma miaka mingapi?"

Wiki ya pili, ishirini na sita. Ya nne, thelathini.
Nikadhani hadi Mfungo Mosi tutakuwa tumemaliza.
Lakini ufa hupona kama mgonjwa wa homa kali:
siku tatu anakaa kitako, mwaka mzima hajasimama.
Thelathini na nne. Thelathini na nne. Thelathini na tano.
Mwezi wa saba likapita tetemeko dogo,
aliyeamka ni paka tu,
tukarudi thelathini na moja.
Sisi tulikwisha sahau. Jiwe, bado.

Sijui ni Jumatatu gani nilipoanza kuona
kwamba Faki huuliza mara mbili.
"Arubaini na tatu!"
"Ngapi?"
"Arubaini na tatu!"
"Sema, mwanangu, sema."
Mkewe Mize akanambia: birika likipiga mluzi hasikii,
mjukuu akimwita hasikii,
lori la kokoto likipita anageuka.
Nyembamba ndiyo hufa mwanzo.
Miaka thelathini na moja ya baruti, pamba masikioni,
na jiwe alilokuwa akilipasua
likimpasua naye, punje kwa punje.
Daktari wa Chake alimwangalia kwa taa,
akaandika karatasi ndefu. Huu haufungi.

Basi ardhi inarudisha masikio yake, milimita kwa milimita,
na Faki anayapoteza yake, na wote wawili
nawaandika kwa kalamu moja.

Jana mstari uliruka vizuri.
Nilihesabu mara tatu, nikafuta rula kwa kanzu.
Simu haikulia. Nikangoja hadi adhana ya adhuhuri,
kisha nikaandika ujumbe: 49.
Sikuongeza kwamba zilizobaki huenda zisirudi kamwe,
kwamba nyufa nyingine hujifunga hadi mahali, zikaridhika.

Jibu lilikuja kwa herufi kubwa tupu,
kama mtu apigaye kelele kutoka ng'ambo ya kelele:
ARUBAINI NA TISA. NIMESIKIA.
BADO TATU.