Kiungo Baridi

Siku ya tisa lifti haijapanda.
Mzee Lyuben wa ghorofa ya saba
anateremsha kikapu dirishani kwa kamba,
muuza mkate anakijaza,
kinapanda tena na theluji juu ya mkate.

Zdravka ameilaza bodi kwenye meza ya jikoni
kati ya sahani ya zeituni na bili ya umeme.
Bodi ya kijani kilichofifia, imenitangulia kuzaliwa.
Kiwanda chake kilikuwa hapa hapa Plovdiv, ng'ambo ya reli;
sasa ni ghala la matairi.

"Soma," ananiambia.
Naona mistari tu.
"Si mistari, ni shaba. Fuata kwa ukucha
kama unavyofuata mshono wa koti
kutafuta ulipofumuka."

Nafuata. Njia moja yatoka kwenye rilei,
yakata kona, yapita chini ya kapasita iliyovimba,
yazama tunduni, yaibukia upande wa pili,
na hapo ukucha wangu unasita.
Napajua hapo.

Jana, yeye akiwa sokoni, nilitaka kuwa fundi.
Nilikandamiza pasi ya moto kwenye kiungo,
nikaongeza risasi juu ya risasi, tone juu ya tone,
mpaka shaba ikabanduka kwenye bodi
ikajikunja kama ganda la kitunguu.
Nikaifunika kwa lehemu zaidi.
Nikanawa mikono.

Anavuta kioo cha kukuzia. Anakohoa.
"Lehemu si gundi, Vesko,
wala si plasta ya kuzibia aibu.
Shaba ndiyo barabara. Lehemu ni kupeana mikono tu.
Nani alijenga barabara kwa kupeana mikono?"

Anakwangua rangi ya kijani kwa wembe, taratibu,
mpaka wekundu wa shaba unachungulia.
Anakata uzi wa waya kutoka simu ya zamani,
anaulaza pale njia ilipokufa,
ncha hii kwenye uzima, ncha ile kwenye uzima.

"Usiipashe risasi. Pasha shaba, pasha na waya,
vyote viwili, kwa pamoja.
Vikipata moto sawa, bati litakuja lenyewe,
litatambaa kama mafuta utambini.
Likikaa kama tone la jasho, limekataa.
Usilibembeleze. Safisha, uanze upya."

Moshi wa utomvu wa msonobari
unapanda kati ya nyuso zetu.
Sekunde mbili. Anaondoa pasi. Hapumui.
Bati linang'aa, kisha linatulia.
Mita inalia mlio mmoja mrefu,
na mimi, mtu mzima, nataka kulia nayo.

Lakini hilo lilikuwa kosa langu tu.
La kwanza, lililoisimamisha lifti, bado lipo.
Analitafuta kwa kijiti cha mti,
anagusa kila mguu, mmoja mmoja,
mpaka karibu na rilei mmoja unacheza.

Kiungo cha kijivu, kimefifia, kimeshika kama kinaona haya:
kiungo baridi.
Kimeshika miaka yote hiyo mbele za watu,
kikiachia kidogo kila lifti inapotikisika.

Pembeni mwa bodi kuna mhuri mdogo, namba sita.
Zdravka anausugua kwa kidole gumba.
"Sita," anasema.
Kimya. Friji inanguruma, inanyamaza.
"Meza ya sita ilikuwa yangu.
Jumamosi tulikuwa tukiwahi basi."

Haongezi neno. Anapasha kiungo,
sekunde mbili, tatu,
kijivu kinayeyuka, kinakuwa kioo.

Saa nne usiku mota inaguna, kamba zinakaza.
Mzee Lyuben anashuka na koti juu ya pajama,
kikapu kitupu mkononi,
anatutazama sote wawili, anasema,
"Mkate ulikuwa umelowa,"
kisha anabonyeza saba, anapanda,
anashuka tena,
anapanda.