Binti wa Saa Mbili Unusu

Kila Ijumaa runingani
Mwanasiti hufumba jicho moja
na vikombe husogea.
(Ni mshipi. Auvutaye yuko chini ya meza.)

Jumamosi, Kibokoni, majirani hodi hodi:
kipuli kimepotea, na kuku, na hati ya nyumba.
"Angalia tu, mwanangu, kama vile jana."
Yeye hucheka, huku akimenya viazi vya bhajia.

Leo kaja Bi Sauda, hakuvua hata viatu.
Kashika picha ya mwanawe, aliyekwenda Doha
na simu yake haipatikani tangu Rajabu.

Mtoto akafuta mikono.
Akafumba jicho moja,
kisha la pili pia.

"Anakula," akasema. "Amekonda kidogo."

Maneno hayo hakuandikiwa na mtu.
Jikoni chai ikafura, ikamwagika,
wala hakuna aliyenyanyuka.