Kidukari Namba Thelathini na Moja

Dundee, Februari. Dirishani mvua haijaamua
kama ni mvua au theluji.
Mimi nimeshaamua: leo tunashuka
digrii moja kila dakika tano,
hadi miguu iachie.

Wako kwenye bamba la alumini, pana kama kiganja,
vidukari wa majani ya viazi, wadogo kama punje ya ulezi.
Juu yao kioo, juu ya kioo kamera,
juu ya kamera mimi na Eilidh,
tumebana pumzi kama wezi wa kuku.

Kwenye nane bado wanazurura.
Kwenye tano wanakwenda kama waliosahau walikotumwa.
Kwenye tatu hakuna aendaye popote,
ila kipapasio: kinainuka, kinauliza, kinashuka.
Tunasubiri mtikisiko wa mwisho.
Siyo kifo. Kifo kina safu yake, kulia kwa jedwali.
Hapa tunapima pale mwili unaposema: ngoja kwanza.

Namba thelathini na moja alitugombanisha.
Eilidh aliandika moja nukta sita.
Mimi, sifuri nukta tisa.
Tukarudisha video mara nne:
yeye anaona mdudu aliyetulia,
mimi naona ncha, unywele, ikitetemeka.
"Hiyo ni mashine," akasema.
"Huyo ni mdudu," nikasema.
Basi zile nukta saba zikawa zetu, si zake:
kipimo cha nani kati yetu
ni mwepesi wa kukata tamaa.

Tukaandika wastani. Ndivyo taratibu zinavyotaka.

Jioni nikawarudishia joto,
kila mmoja na kichupa chake, na jani bichi.
Nikasubiri basi Perth Road, vidole ganzi ndani ya glavu,
nikivigusa kimoja kimoja kwa gumba: yupo, yupo,
huyu sina hakika.

Asubuhi, sita walikuwa chali.
Thelathini na moja yuko kwenye mshipa wa jani,
mdomo umezama, ananyonya,
na nyuma yake, mweupe karibu na maji,
mtoto.
Hakuna dume aliyehusika; hawa huzaa hivyo,
mimba ndani ya mimba.
Kumbe jana tuliposhuka naye
hakushuka peke yake.

Amezimia. Amezinduka. Amekufa.
Jedwali halina safu nyingine.
Eilidh akaja na chai, akachungulia, akakaa kimya
mpaka chai ikapoa.
"Huyu mdogo," akasema, "tunampa namba gani?"
Nikamwambia asubiri.
Hajatembea bado.